Maji Yakizidi Unga: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kumtumaini Mungu

Barua za mwezi huu zimetoka Kondele, Vihiga, Ahero, Bungoma na Nakuru, na karibu zote zinalia kilio kimoja: mtu amtumaini Mungu vipi wakati karo, ugonjwa, deni na msiba vimebisha hodi siku moja? Tumechagua tano. Tumezifupisha na kuondoa majina.

*Bwana asifiwe, watumishi. Nauza mitumba Kibuye, nina watoto watatu. Mume wangu hana kazi tangu mwaka jana, mama yangu amelazwa, na mwenye nyumba amenipa wiki mbili. Nikipiga magoti maneno hayaji. Nalia, ama usingizi unanichukua. Kanisani naambiwa nikiri ushindi. Je, imani yangu imekufa?* — Mama wa watatu, Kondele

Pole sana, mama. Haijafa. Umechoka, na umepewa sala isiyolingana na hali uliyo nayo. Karibu theluthi moja ya Zaburi zote 150 ni vilio. Aliyelemewa ana sala zake kwenye Biblia, tena nyingi, na hakuna anayepaswa kukurusha kwenye shangwe kabla hujasema kinachokuuma.

Anza na Zaburi 13, kwa sababu ni fupi na imepangwa vizuri. Ina mistari 6. Miwili ya kwanza ni malalamiko matupu, na ndani yake "hata lini" inasemwa mara 4. Miwili inayofuata ni maombi: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Miwili ya mwisho ni tumaini. Fuata mpango huo huo kwenye daftari la kawaida, dakika 10 asubuhi kabla hujatoka kwenda sokoni.

Malalamiko yaandike yakiwa na majina na hesabu. "Ee Mungu, nisaidie na shida zangu" ni sentensi isiyoshikika. Andika: "Hata lini nitamkwepa mwenye nyumba kwa sababu ya kodi ya 4,500? Hata lini mama atalala kitandani kile bila kujulikana anaumwa nini?" Kisha omba jambo moja tu la leo, dogo kiasi kwamba jioni utajua kama limejibiwa: nguvu ya kumpigia mwenye nyumba simu, wateja watano, daktari apatikane. Mwisho andika rehema moja iliyokwisha kupita, na ilipotokea. Mtunga Zaburi anasema "nimezitumainia fadhili zako" hali adui bado yupo pale pale, kwa hiyo hata wewe huhitaji kungoja moyo utulie ndipo uandike. Dakika 10 zikiisha, funga daftari uende kazini, umesikia kitu moyoni au hukusikia.

Wengi huharibu hapa kwa njia mbili. Wengine huruka malalamiko wakaanzia kwenye sifa, na uchungu ule uliofunikwa huwatokea baadaye kama hasira kwa watoto. Wengine hubaki kwenye malalamiko nusu saa nzima, na wakiinuka wamelemewa zaidi kuliko walivyopiga magoti. Ndiyo maana tunasema malalamiko yasizidi nusu ya muda. Na usiifanye kazi hii usiku wa manane kitandani. Saa nane za usiku kichwa hakisali, kinapiga hesabu. Ukishtuka saa hizo, chukua Zaburi 56:3 peke yake: ukivuta pumzi, "siku ya hofu yangu", ukiitoa, "nitakutumaini wewe". Fanya hivyo mara 10, polepole. Usingizi usiporudi, inuka ukae kitini, usigaegae.

Neno lingine kuhusu lugha. Sali kwa lugha uliyolilia ukiwa mtoto. Mjaluo na Mluhya wote humwita Mungu Nyasaye, na kuna mtu ambaye akisali kwa lugha ya mimbari hukauka kama kuni, lakini akisema "Nyasaye wangu" maneno yanamtoka yenyewe.

Petro anasema tumtwike Mungu fadhaa zetu zote (1 Petro 5:7). Wewe wa sokoni unalijua neno hilo kuliko wahubiri wengi. Kutwika ni kumwekea mwenzako mzigo kichwani. Umeona mama akishushiwa gunia: anasimama, anapinda magoti kidogo, mwenzake anashika upande wa pili, linatoka juu ya ngata na kuhamia kwake. Hakuna anayetwikwa kwa kusimuliwa tu habari za gunia, na anayeomba kusaidiwa huku amelikumbatia kwa mikono miwili hasaidiki. Kwa hiyo kila jambo uliloandika asubuhi, litaje kwa sauti, kisha sema, "Hili nimekutwika." Likirudi mchana, na litarudi, mtwike tena. Kurudia si upungufu wa imani. Mzigo wa sokoni wenyewe hutwikwa kila siku.

Mana jangwani iligawanywa hivyo hivyo: pishi moja kwa kila kichwa, kipimo kisichopishana sana na gorogoro letu. Waliojaribu kuweka akiba ya kesho waliikuta asubuhi ina mabuu na uvundo (Kutoka 16). Imani nayo hutolewa kwa pishi. Hujapewa leo imani ya kodi ya Desemba, kwa hiyo usishangae ukiitafuta na kuikosa.

Lakini leo usiiache bila kazi. Mpigie mwenye nyumba kabla wiki mbili hazijaisha, ukiwa na kiasi chochote mkononi na tarehe ya salio. Anayetafutwa akapatikana huhurumiwa zaidi kuliko anayezima simu. Hospitali za umma zina ofisi ya ustawi wa jamii. Nenda huko wiki hii mkazungumze juu ya bili ya mama, na muulize kuhusu usajili wake wa SHA, bima ya afya ya serikali. Wengi hungoja siku ya kuruhusiwa, wakati bili imeshafungwa na kila mtu ana haraka. Na kanisani, badala ya "niombeeni", mwambie dada mmoja kwa jina: "Jumanne saa nane ukae na mama yangu wodini, mimi niuze."

*Mimi ni mwalimu, kifungua mimba wa watoto wanane. Mshahara ukiingia umeshagawanywa: karo ya wadogo zangu, dawa ya baba, mchango wa matanga kila wiki. Nikikataa naambiwa simwogopi Mungu. Nimechoka hata vitabu vya wanafunzi vinanishinda kusahihisha.* — Mwalimu, Vihiga

Ndugu mwalimu, soma Kutoka 18 polepole. Musa anaketi kuamua mashauri tangu asubuhi hata jioni, na watu wamemzunguka. Yethro, baba mkwe wake, anamtazama kisha anamwambia: "Jambo hili ufanyalo si jema." Anamweleza kwamba atadhoofika yeye pamoja na watu wenyewe. Kazi ilikuwa ya Mungu, nia ilikuwa njema, na bado haikuwa jema. Dawa ilikuwa kugawa: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, wa kumi. Na Musa akasikia.

Pata taarifa ya M-Pesa ya miezi 3 iliyopita, ukae nayo na kalamu mbili. Paulo anaandika "mchukuliane mizigo", na mistari mitatu mbele anasema kila mtu atalichukua "furushi lake mwenyewe" (Wagalatia 6:2 na 6:5). Mzigo ni ule unaomshinda mtu peke yake: ugonjwa, msiba, mtoto asiye na mzazi. Furushi ni la kila siku, la mtu mwenye mikono yake. Kodi ya kijana wa miaka 26 mwenye afya ni furushi lake. Dawa ya baba ni mzigo, lakini ni wa watoto wanane. Tuseme ni 4,800 kwa mwezi: hiyo ni 600 kwa kila mmoja. Asiye na pesa atoe siku zake, ampeleke mzee kliniki.

Michango ya matanga iwekee kikomo cha mwezi, tuseme 1,000. Ikiisha tarehe 12, basi imeisha. Baada ya hapo nenda mwenyewe: panga viti, teka maji, keti na wafiwa usiku mmoja. Watu wa kwetu hukumbuka aliyekuja.

Usiitishe kikao wewe. Mwombe baba mdogo au shangazi anayeheshimika aseme, maana Musa mwenyewe aliokolewa na mzee wa upande wa ukwe, si kwa kujitetea. Miezi miwili ya kwanza itakuwa na manung'uniko, na hapo ndipo wengi huanguka: wanatuma kisirisiri ili simu inyamaze, na mpango wote unakufa. Shika maneno haya: "Naweza hiki, siwezi kile." Usieleze zaidi. Anayesema kukataa kwako ni kutomwogopa Mungu anakutaka ushike nafasi ambayo hata Musa aliachia.

*Je, ni dhambi kumkasirikia Mungu? Maji yamebeba mpunga wetu mara ya pili.* — Mkulima, Ahero

La. Ayubu alisema maneno makali kuliko yako, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wale marafiki watatu waliokuwa wakimtetea, akasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu (Ayubu 42:7). Mwambie Yeye hasira yako. Ukiisema kwa jirani tu, inachacha. Na usikubali kuambiwa mafuriko ni adhabu yenu. Mto Nyando unateremka na maji ya milima ya Nandi hadi uwanda wa Kano ulio tambarare, na maji hukaa mahali palipo chini, kwa mwenye haki na asiye haki. Nehemia aliomba, akaweka na walinzi (Nehemia 4:9). Msimu ujao omba, na mbegu yako uitunze kwa ndugu anayekaa mlimani.

*Naendesha boda boda Bungoma. Nina deni la shylock, la simu mbili tofauti, la chama na la dukani. Mhubiri mmoja anasema nipande mbegu ya 5,000 na deni litavunjika. Nikope hiyo 5,000?* — Mwenye pikipiki, Bungoma

Usikope, ndugu. Usikope hata kidogo. Paulo, alipokuwa akichangisha pesa, pesa za kweli za maskini wa kweli, aliandika kwamba nia ikiwapo mtu hukubaliwa "kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo" (2 Wakorintho 8:12). Sadaka ya mkopo unatoa usivyo navyo. Tunasema haya kwa uchungu, kwa sababu anayeahidiwa muujiza kwa 5,000 asipouona huambiwa imani yake ilikuwa haba, naye anaondoka na majeraha mawili: deni limeongezeka, na anadhani Mungu amemwonea haya.

Tazama Elisha alivyofanya na mjane aliyetaka kunyang'anywa wana wake wawili na mdai (2 Wafalme 4). Hakumdai kitu. Alimwuliza, "Una kitu gani nyumbani?" Alikuwa na chupa moja ya mafuta. Akamtuma kwa majirani kuazima vyombo vitupu, na muujiza ulipokwisha kupita, agizo likawa la kawaida kabisa: auze mafuta, alipe deni, waishi kwa yaliyosalia. Angalia kwamba majirani waliingizwa mapema. Deni hupenda siri.

Basi andika madeni yote kwenye karatasi moja: nani, kiasi, riba, tarehe. Watu wengi waliolemewa hawajui jumla yao. Wanaijua hofu tu. Kisha angalia lipi linakula. Tuseme shylock anakudai 20,000 kwa riba ya 20% kwa mwezi. Riba peke yake ni 4,000. Ukilipa riba tu kwa miezi 5 umempa 20,000, na bado unadaiwa 20,000 ile ile. Hilo ndilo la kukatwa kwanza, na kila unachomletea juu ya riba kiandikwe kuwa ni cha kupunguza mtaji, kwenye karatasi, mbele ya shahidi, nawe ubaki na nakala.

Mikopo ya simu ifunge moja moja, ndogo kwanza, na ukimaliza moja futa programu yake siku hiyo hiyo. Kosa kubwa ni kukopa hapa ili ulipe pale. Shimo linahama na kila safari linapanuka kwa ada. Kwa chama, nenda mkutanoni mwenyewe kabla ya siku ya faini, useme hesabu yako wazi, uombe wakugawie miezi. Chama kina watu wanaokujua sura, kinaweza kusamehe faini. Programu ya simu haiwezi. Mwenye duka mpe kidogo kila wiki, hata 100, mkononi. Mithali 6 inamwambia aliyenaswa na dhamana aende akanyenyekee kwa mwenzake upesi, bila kuyapa macho usingizi.

Sala yako ya asubuhi iwe juu ya karatasi hiyo hiyo. Iweke mezani, uweke mkono juu yake, uombe kazi ya leo na mdomo wa kusema ukweli kwa mdai wa leo. Na ule. Dereva mwenye njaa na mawazo barabarani ni hatari kwake na kwa abiria wake.

*Mwanangu ana miaka 24. Daktari alisema ni sonona, akampa dawa. Ametumia wiki mbili, sioni tofauti. Kikundi cha maombi kinataka aache dawa, akafunge siku 7 kwenye mapango ya Menengai. Jana alisema afadhali asiamke. Nimtumainie Mungu au daktari?* — Mama, Nakuru

Mama, tuanze na lile neno la jana, kabla ya mengine yote. Muulize leo, peke yenu, kwa upole na bila kuzunguka: "Mwanangu, umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizi wazo, humpa nafasi ya kutua siri. Akisema ndiyo, au akinyamaza kwa namna inayokutisha, asibaki peke yake. Mpeleke idara ya dharura ya hospitali ya kaunti leo hii, usingoje siku ya kliniki. Dawa za shamba na za mifugo, na akiba yoyote ya vidonge, vitoke nyumbani viende kwa mtu mwingine. Dawa yake mwenyewe ukae nayo wewe, umpe ya siku. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupokea simu bila malipo, yeye au wewe mnaweza kuzungumza na mshauri. Na usiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha Katiba.

Kuhusu dawa: dawa za sonona kwa kawaida huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha kazi yake. Usingizi na hamu ya kula mara nyingi hurudi kabla ya furaha. Wiki mbili ni mapema mno kuhukumu, ila daktari aambiwe alichosema kijana jana, maana wiki hizi za mwanzo zinahitaji kuangaliwa kwa karibu. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu, kukosa usingizi na ugonjwa kurudi kwa nguvu. Inapofika wakati wa kuiacha, daktari huipunguza kidogo kidogo. Na kufunga siku 7 pangoni, peke yake, akiwa na mawazo hayo, hapana. Hilo tunalikataa waziwazi, tukiwa watu wanaoamini kufunga.

Swali lako la mwisho Biblia haikulazimishi kuchagua. Hezekia aliugua karibu kufa, akalia, Mungu akasema, "Nimeyasikia maombi yako, nimeyaona machozi yako." Kisha Isaya yule yule akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20). Sala ilijibiwa, na jipu likatibiwa.

Na nabii aliyesema maneno kama ya mwanao ni Eliya. Chini ya mti wa mretemu aliomba afe: "Yatosha." Malaika hakumkemea, hakumhubiria, wala hakumwongezea saumu. Alimgusa, akamwambia inuka ule. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala tena (1 Wafalme 19). Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, Horebu, baada ya siku 40.

Kikundi cha maombi kina nafasi, tena kubwa, kikikubali kufanya kazi ya malaika huyo. Wapange zamu: mmoja alete uji asubuhi, mwingine atembee naye nusu saa jioni jua likipoa, mwingine awasindikize kliniki. Waombe kwa sauti ya chini, dakika 5, mkono begani, bila kumtafuta pepo. Wasiotaka hivyo washukuriwe na waombwe wabaki kwao kwa sasa. Na usiku wa leo, mama, godoro lake lisogezwe chumbani kwako, au kaka yake alale naye, na mlango usifungwe kwa ndani.